Maombi ya Mama Gitonga

Jumapili, 2 Machi

Mvua bado. Vumbi la mtaa wetu wa Baba Dogo limeingia hadi kwenye kikombe cha Meza ya Bwana, ikabidi nikisuuze mara mbili. Daftari hili nimepewa na Musyoka, mume wangu. Anasema mke wake anaongea usingizini kwa sababu mchana hana pa kutolea mambo, na yeye anataka kulala. Haya, bwana. Nitaongea hapa.

Tujuane basi, daftari. Mimi ni Pasta Nalianya. Kanisa letu ni la mabati, nyuma ya kiwanda cha ndoo za plastiki. Mume wangu anachomelea mageti, na mtoto wetu Mumo anachomelea roho yangu kila asubuhi akitafuta soksi. Leo tumeimba hadi jasho. Wabwire alipiga ngoma, na Wabwire akipiga ngoma hata wazee wenye magoti mabovu hutikisa bega. Kisha Mama Gitonga akaombea mvua. Huyu mama akishika maikrofoni unahisi Mungu ameketi kiti cha mbele akimsikiza. Spika yetu iko nje juu ya mlango, kwa hivyo mtaa mzima huomba naye, wapende wasipende.

Jumatano, 5 Machi

Mawingu ya bure. Mumo ana mafua.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ilianza Ijumaa, na kila mtu akasema ni maombi ya Mama Gitonga. Leo alipoitwa kuomba, watu walimpigia makofi kabla hajafungua mdomo. Ningejua!

Aliombea wagonjwa. Aliombea serikali. Kisha akashusha sauti, ile sauti yake ya huruma inayokufanya utafute kitambaa, akasema: "Baba, tunamleta mbele zako kijana wetu wa ngoma. Ulimwona alivyoenda hospitali. Ulisikia daktari akimwambia shida si ya mke, shida ni yake, kwamba mbegu hana hata moja. Lakini wewe, Baba, hushindwi na daktari!"

Watu wakasema amina. Ilianza kubwa ikafia njiani, maana walikuwa wameanza kuelewa wanachokiitikia. Nikafumbua macho. Wabwire alikuwa ameweka fimbo zake juu ya magoti, anaangalia sakafu. Mkewe Lorraine alikuwa kwenye kwaya, na uso wake sitaki kuuandika. Miaka yote ya ndoa yao watu wamemsema Lorraine kuwa ndiye tasa, mama mkwe akiwa wa kwanza, naye akavumilia ili amfichie mumewe aibu. Alimwambia mtu mmoja tu. Alimwambia Mama Gitonga, kwa sababu ukiwa na mzigo katika mtaa huu, huyo ndiye unayempelekea.

Na mimi? Nilisimama pale mbele kama nguzo ya stima, nikasema, "Asante Mama kwa maombi, sasa tutoe sadaka." Haki ya Mungu. Sadaka.

Jumatatu, 10 Machi

Nilienda kununua unga kwa Ruqiyo. Duka lake limepakana na ukuta wa kanisa. Alingoja wateja wengine watoke, akavuta buibui lake vizuri, akasema, "Pasta, samahani, haya si mambo yangu, mimi ni Mwislamu. Lakini spika yenu inaingia hapa ndani. Jana duka lilikuwa limejaa. Huyo kijana hununua mkate kwangu kila jioni. Leo akija nimwangalie vipi?"

Nikamwambia tutaigeuza spika iangalie upande ule mwingine.

"Pasta," akasema, "kwani ni spika iliyosema?"

Jumatano, 12 Machi

Vijana wa kuosha magari wamempa Wabwire jina. Mtaani mwanamume huitwa kwa mtoto wake, Baba fulani. Yeye wanamwita Baba Hewa. Leo nimesikia mwenyewe: "Niaje Baba Hewa, mtoi anaendelea aje?" Nikawaendea na mwavuli wangu. Walikimbia, lakini jina halikukimbia nao.

Alhamisi, 13 Machi

Lorraine alikuja amelowa chapachapa. Wabwire amehama. Amekwenda kwa kaka yake, Mukuru kwa Njenga.

"Aligomba?" nikauliza.

"Hakugomba, Pasta. Angegomba ningejua bado niko kwake. Alikunja nguo zake pole pole, akaniuliza kama anaweza kuchukua ile sufuria ndogo."

Hapo ndipo alipolia. Nilimkalisha kando ya jiko, nikampa leso yangu kavu, nikakaa naye tu.  Kabla hajatoka aliniuliza, "Pasta, utamwambia Mama Gitonga?" Nikasema nitamwambia. Nimesema kwa mdomo wangu huu.

Jumapili, 16 Machi

Kwaya imeimba bila ngoma. Mama Gitonga akaomba tena: "Bwana, mrudishe kijana wetu aliyekimbia aibu, popote alipo huko Mukuru." Nikatamani mvua ipige mabati watu wasisikie. Jua lilikuwa kali ajabu.

Baada ya ibada alinifuata na viazi vitamu kwenye bakuli lenye kifuniko, vingali moto. Anajua sili kitu kabla ya kuhubiri. "Kula mwanangu. Umekonda. Huyo Musyoka anakulisha chuma?" Nami nikala. Wabwire yuko Mukuru na sufuria yake, na mimi nikala viazi, tena vilikuwa vitamu.

Niandike ukweli. Nilipofika Nairobi sikuwa na mtu, na alinipa kitanda cha binti yake. Mumo alipozaliwa kabla ya wakati, Mama Gitonga alimbeba kifuani chini ya sweta yake nilipochoka mimi, tukapokezana hivyo hadi mtoto akapata nguvu za kulia. Na wazee waliposema mwanamke hawezi kuwachunga, yeye ndiye aliyesimama: "Ngai! Kama Mungu hajamkataa, nyinyi mnamkataa kama nani?" Sasa mtu aliyekubeba hivyo, unamwambiaje kwamba amekosa? Tena kwamba amekosea ndani ya maombi!

Jumapili, 23 Machi

Nimepata ujanja. Nimehubiri juu ya ulimi.

Nilihubiri kweli kweli. Nilisema kuna watu wanaokabidhiwa siri wakaitoa sokoni, hata wakiivika kanzu nyeupe. Nilisema kumpelekea Mungu jambo la mwenzako si ruhusa ya kulipitisha kwenye masikio ya jirani. Nilimwangalia Mama Gitonga hadi shingo ikaniuma. Alikuwa anatikisa kichwa, anasema "Sema Pasta! Sema!"

Mlangoni akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Leo umewapiga! Nilikuwa namwangalia Mama Odongo, nikasema moyoni, sikia hiyo dada, sikia hiyo vizuri."

Jumatano, 26 Machi

Jioni Mama Odongo amenipigia simu akilia. Kwenye ushirika wa akina mama, Mama Gitonga ameomba hivi: "Bwana, yule dada uliyesema naye Jumapili juu ya ulimi wake, mpe moyo wa kukubali." Wote wakafumbua jicho moja kumwangalia Mama Odongo. Mama Odongo! Mwanamke ambaye hata salamu humtoka kwa shida.

Kwa hivyo badala ya wawili sasa nimeumiza watatu. Hongera Pasta.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua kubwa. Maji yameingia hadi kwenye karakana ya Musyoka. Tulikuwa tukiyatoa kwa ndoo, mimi nikilalamika juu ya Mama Gitonga, ndipo mume wangu akaweka ndoo yake chini.

"Mama Mumo, mteja akiniletea geti limepinda, mimi huhubiria mageti yote ya barabara hii?"

"Usinianze."

"Nauliza tu. Mimi hulitia motoni lile lile lililopinda."

"Huyo ni mama yangu, Musyoka."

"Ndiyo. Na unamwogopa."

Nilimnyamazia hadi wakati wa chakula. Alikuwa na haki, na mtu mwenye haki anaudhi sana ndani ya nyumba.

Jumanne, 1 Aprili

Nilienda. Alikuwa amepika mukimo. Nikala, nikashukuru, nikarudi nyumbani. Mwoga mkubwa we.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nimesema.

Nilifunga asubuhi, si kwa utakatifu, ni ili nisiweze kula chochote atakachonipa. Nilimkuta kwenye veranda ya ploti yao akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikavuta kigoda. Akaniambia chai iko kwenye chupa. Nikamwambia sinywi leo, nimekuja na neno.

"La nani?"

"La kwako, Mama."

Akacheka. "Basi subiri nivue viatu kama Musa."

Sikucheka, naye akaona. Mikono yake ikasimama juu ya maharagwe. Nikamwambia yote bila kupamba, maana ningeanza kupamba ningeishia kwenye viazi vitamu. Nikamwambia Lorraine alimpa siri naye akaitoa mbele ya kanisa. Nikamwambia Wabwire amehama nyumba kwa ajili ya maombi yake, na kwamba vijana wa mtaa wanamwita Baba Hewa. Nikamwambia juu ya Mama Odongo.

"Mimi nawaombea," akasema. "Pasta, mimi nafunga kwa ajili ya hao watoto. Uliza magoti yangu."

"Najua unawaombea, Mama. Lakini ulipotaja daktari, ulikuwa unamwambia nani? Mungu alikuwa hajui daktari alisema nini?"

 Akachukua haragwe moja lililooza, akaligeuzageuza kidoleni.

"Unasema maombi yangu ni dhambi."

"Nasema ulichukua aibu ya mtu ukaiweka ndani ya maombi, ikapita. Ingekuwa nje ya maombi tungekuzuia. Hiyo ni dhambi, Mama. Ni umbea. Nakwambia kwa sababu mimi ndiye mchungaji wako na hakuna mwingine atakayekwambia."

Neno umbea nilitaka kulirudisha mara tu lilipotoka. Jirani alikuwa akianika nguo, akaingia ndani haraka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, matusi, machozi, kwamba atanikumbusha mtoto niliyemwachia kifuani. Hakunikumbusha hata kimoja.

"Haya umeyajua tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwaka jana. Ulipoitaja kwenye maombi ile mimba ya binti wa akina Odongo."

"Mwaka jana." Akaweka ungo chini. "Tangu mwaka jana unaniona, unanyamaza, unakula kwangu."

"Nilikupenda, Mama. Sikutaka kukuumiza."

"Hapana. Wewe ulijipenda." Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Nguo ikinipasukia nyuma nikienda sokoni, mtoto anayenipenda ananiacha niende hivyo? Nipite watu wote? Ungeniambia mwaka jana, huyo kijana angekuwa kwake."

 Nilitaka kumshika mkono. Akaurudisha kwenye ungo.

"Enda, Pasta," akasema. Hakusema mwanangu.

Nimelia njia nzima hadi kwa Ruqiyo, naye akanipa maji bila kuuliza.

Jumapili, 6 Aprili

Hakuja. Nikaongoza maombi mimi mwenyewe, vibaya.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Hakuna habari. Musyoka anataka kwenda kumjulia hali. Nimemwambia ngoja.

Alhamisi, 10 Aprili

Alikuja mwenyewe, kwenye kiofisi changu cha kando ya kanisa, na viatu vya mvua na leso yake ya Jumapili kichwani. Akakataa kiti.

"Nimeuliza Mungu kama umenionea," akasema. "Hajasema umenionea."

Akataka asimame Jumapili mbele ya watu wote aungame. Nilifurahi kwa dakika moja, kisha nikaona: akiungama atasema nini? Atamtaja Wabwire tena. Hata asipomtaja, watu watamkumbuka, na kidonda kitachimbuliwa upya kwenye maikrofoni ile ile. Nikamkatalia. Nikamwambia aliyekosewa ni Wabwire na Lorraine na Mama Odongo, aende kwao, aniachie mimi kanisa.

"Basi nikae benchi la nyuma," akasema.

Kwetu aliye chini ya nidhamu hukaa benchi la nyuma. Haombi hadharani, hashiki huduma, hafiki kwenye Meza ya Bwana hadi mchungaji amrudishe. Nikamwambia si lazima, mambo haya yanaweza kuisha kati yetu. Akaniangalia hivi.

"Umeanza tena kunipenda kwa ujinga?"

 Akavuta kiti mwenyewe, akaketi. Alikaa akiangalia matone dirishani, na aliposema tena hakuwa ananiambia mimi hasa.

"Tangu Baba Gitonga afe hakuna mtu ananisikiza. Watoto wananipigia simu huku wanaendesha gari. Kwa duka naongea, mtu anaangalia simu yake. Lakini nikifumba macho nikasema Baba, watu wote wananyamaza. Na nikiwa na jambo la ndani, wananyamaza zaidi." Akafuta uso na pembe ya leso. "Nilipenda hiyo kimya, mwanangu. Niliipenda sana."

Tulishikana mikono hadi mvua ikapungua. Sikuwa nimewahi kumwuliza anaishije jioni. Mchungaji wake, miaka hii yote.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Amekaa benchi la nyuma kando ya mlango, amenyooka. Watu wamegeuka hadi shingo zikalia. Ameshaenda kwa Lorraine na kwa Mama Odongo, na Mama Odongo amesema tu "imeisha," ambayo kwake ni hotuba.

Jumatano, 16 Aprili

Tumeenda Mukuru kwa Njenga. Tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Mama Gitonga alijifunga leso kiunoni akapita kama msichana kwenye vipande vya mbao vilivyotandazwa juu ya maji, mimi ndiye niliyeteleza. Kaka yake Wabwire hufanya kibarua viwandani, hakuwepo. Wabwire alikuwa mlangoni akipika ugali kwenye ile sufuria.

Mama Gitonga alipiga magoti hapo hapo kwenye tope. Mwanamke wa umri wake! Wabwire akashtuka, akasema, "Mama, simama, usinifanyie hivyo, watu wanaona."

"Nilikufanyia mbele ya watu," akasema. "Sikuja kuomba urudi. Nimekuja kusema nilikukosea. Siri haikuwa yangu. Lorraine alinipa akiwa amezidiwa, usimwekee kosa langu."

Wabwire aligeukia sufuria yake. Alisonga ugali hadi ukawa mgumu kama tofali. Mama akainuka, akanitangulia kuondoka, ndipo yule kijana akaniita mimi.

"Pasta. Wewe ulikuwa pale mbele."

"Nilikuwa."

"Waya wa maikrofoni ulikuwa karibu na mguu wako. Si ungeuchomoa tu?"

Nikamwambia ndiyo, ningeuchomoa. Nikamwambia niliogopa, na nikamwomba msamaha. Alitikisa kichwa, si kukubali wala kukataa, akaniuliza kama Lorraine bado anakohoa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Bwana amefufuka, na kanisa langu linanong'ona.

Mama Gitonga hakuja kwenye Meza, kwa hivyo sasa wote wanajua yuko chini ya nidhamu, na kwa kuwa hakuna aliyeambiwa kosa, kila mtu amejitungia lake. Mzee Kabiru, karani wetu, amesikia kwamba alionekana kwa mganga. Kwaya inasema ni mwanamume, mlinzi mmoja wa kiwandani. Mlinzi! Nilitaka kupanda juu ya meza nipige kelele. Nikamfuata Mama nje nikamwambia nitasema kitu, hata kidogo tu, wanyamaze.

"Utasema nini ambacho hakitafika kwa Wabwire?"

"Lakini Mama, mganga? Mlinzi?"

"Huyo mlinzi si mbaya," akasema, akacheka kidogo. Kisha akautazama mlango wa kanisa. "Wacha waseme. Ndivyo inavyokuwa. Nilikuwa sijui ndivyo inavyokuwa."

Jumamosi, 26 Aprili

Mabati mawili yameng'oka na upepo. Musyoka yuko juu ya paa, anaimba.

Jumanne, 29 Aprili

Mama Gitonga amekwenda Mukuru tena, peke yake. Wabwire hakuwepo. Amemwachia kaka yake njugu na viazi, akarudi.

Jumapili, 4 Mei

Leo wanawake wawili walihama kutoka benchi lililo mbele ya Mama Gitonga ili wasikae naye karibu. Ni wawili aliowauguza wakati wa kujifungua. Nilihubiri nikiwa na hasira na nilisahau hoja ya tatu. Yeye aliimba nyimbo zote.

Alhamisi, 8 Mei

Wabwire amerudi nyumbani! Lorraine alikuja mbio kunieleza, huku amefunga kanga ndani nje. Wabwire alisimama mlangoni jana jioni na begi na sufuria, akasema, "Ulinibebea jina la tasa miaka yote hiyo, na mimi nimeshindwa kubeba langu wiki chache." Basi. Hawajaongea zaidi, wamekula, wamelala. Kanisani hataki kuja. Nimemwambia Lorraine asimlazimishe.

Kisha akaniuliza kwa aibu kama ni kweli Mama Gitonga ana mtu. Nikamwambia hapana. Akaniuliza basi ni kosa gani, maana lile lao alishaombwa msamaha. Nilimwangalia tu, na nikaona akielewa. Akafunika mdomo kwa mkono.

"Na anawaacha waseme hivyo?"

"Anawaacha."

Jumatano, 14 Mei

Manyunyu. Mumo amepata soksi zote mbili. Muujiza.

Jumapili, 18 Mei

Mzee Kabiru anataka tumtoe Mama Gitonga kwenye uongozi wa akina mama moja kwa moja, "kwa sababu ya sifa zake." Nikamwuliza sifa gani. Akasema watu wanasema. Nikamwambia, "Mzee, wewe umekuja kwangu na jambo usilolijua, juu ya mtu ambaye hujamwendea. Nenda kwake leo ukamwulize uso kwa uso, au liache hapa hapa."  Alikasirika, kisha akaliacha. Zamani ningemchekea, nikalala na hasira.

Jumapili, 25 Mei

Leo ilikuwa Meza ya Bwana.

Nilikuwa nimeamua kumrudisha Mama Gitonga. Nilimwendea kabla ya ibada nikamwambia, kwa upande wangu nidhamu imetosha. Akasema kwa upande wake bado, yule kijana hajamwambia neno, na hatakula kwenye meza ambako yeye mwenyewe alimfukuza mwenzake. Sikubishana.

Tulikuwa tumeanza kuimba Wabwire alipoingia. Lorraine alikuwa naye, akaenda kwenye kwaya. Watu wakanyamaza katikati ya ubeti. Wabwire alisimama mlangoni, na wale vijana wa kanisa wakaanza kusogea wampe nafasi mbele. Hakwenda mbele. Aliketi benchi la nyuma.

Mama Gitonga alidhani anataka kukaa peke yake. Akakusanya mkoba wake, akainuka atoke. Musyoka, ambaye ni mpokeaji wa wageni hapo mlangoni, ndiye aliyenieleza yaliyosemwa, mimi niliona tu kijana amemshika mkono wa sweta.

"Keti, Mama," Wabwire akamwambia. "Nimesikia wanayokusema."

"Yatapita."

"Ungewaambia ni kwa sababu yangu, wangenyamaza."

"Ndiyo," akasema. "Wangenyamaza."

Wakaketi hivyo, hawakuangaliana, hadi nilipowaita watu mezani. Wabwire akaja kwenye mstari. Nilimpa mkate, nikamwambia ni mwili uliotolewa kwa ajili yake, na hakuula. Aliufunga kiganjani, akageuka, akarudi nao nyuma, watu wote wakimwangalia. Akaumega. Mama Gitonga akatikisa kichwa, akaweka mikono nyuma.

"Mimi niko nje, mwanangu."

"Aliyekosewa ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi kula."

Mzee Kabiru alikohoa. Akanikoholea tena, kwa sababu kanuni iko wazi, anayerudisha mtu mezani ni mchungaji, wala si mpiga ngoma.  Kisha nikamgeukia aliyefuata kwenye mstari nikampa mkate wake.

Nilipotazama tena nyuma, Mama Gitonga alikuwa anatafuna na machozi yanamshuka. Amemwekea Wabwire mkono kichwani, midomo yake inasonga, na ilisonga kwa muda mrefu. Musyoka alikuwa hatua moja tu kutoka hapo. Nimemwuliza jioni hii Mama alikuwa anaomba nini. Anasema hakusikia hata neno moja.